Wifi Ndani ya Simu

Kila kijana alipoingia kwenye chumba chetu cha kushonea na kuuliza, "Mama, hapa kuna wifi?" Bi Uzi hakuinua hata kichwa. Alininyooshea mkasi na kusema, "Huyo hapo. Muulize kama yuko hewani." Wateja waliangua kicheko, kijana akaona haya, nami nikabaki nimeshika pasi kama mjinga. Hata mwanawe mwenyewe alinaswa, siku alipopita kumsalimia akataka kutuma picha. Mimi sikuwa wifi yake wala ndugu yake. Nilikuwa fundi mwenzake, niliyekodi kona ya dirishani, na utani ule ulinikera kila mara.

Alikuwa mfupi, mnene, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kushindana na cherehani. Hakuna aliyewahi kumwona bila kipande cha uzi nguoni, ndiyo maana akaitwa hivyo, na jina lake halisi nililijua siku ya mazishi. Mumewe alikufa zamani, naye akamlea mtoto wao mmoja kwa cherehani ile ile. Mezani mbele alishona yunifomu, mapazia na magauni ya kawaida. Nyuma ya pazia la kijani alishona kitu kingine, ambacho wapita njia hawakukijua.

Kilianza kwa mwanamke mmoja aliyekuja na mfuko wa magauni, akitaka yote yapunguzwe upande wa kushoto. Bi Uzi alimtazama, akamtazama tena, akafunga mlango. "Mficha uchi hazai, mwanangu. Nionyeshe." Yule mwanamke alikuwa ametoka kukatwa titi hospitali, na alikuwa akijaza soksi kwenye sidiria. Bi Uzi akajaribu pamba, lakini pamba ni nyepesi, ikifika mchana imepanda hadi begani. Akajaribu sponji, ikamwasha mteja kwa joto. Mwishowe akashona kifuko cha kitambaa laini, pamba juu, mtama uliooshwa na kukaushwa vizuri chini, ili kiwe na uzito wake na kitulie. Akakiita "mwenzake". Ujumbe aliowatumia wateja ulikuwa mfupi: "Mwenzake yuko tayari, njoo umchukue." Hata mtu akiusoma ujumbe huo kwenye simu ya mkewe, angebaki kujiuliza ni kuku au ni kiatu.

Wakawa wengi. Walikuja kwa kuambizana, na kila mmoja alipewa jina la nguo aliyovaa siku ya kwanza: Madoa Madogo, Kola Ndefu, Bi Haraka aliyekuja kavaa blauzi nje ndani. Majina yao ya kweli sikuyajua, na sikutaka kuyajua.

Macho yake yalipoanza kumsaliti, Bi Uzi aliacha kuandika vipimo. Akawa anavisema. Simu ilikaa mfuko wa mbele wa aproni, inarekodi, naye anapima huku anatamka: bega hivi, kifua hivi, kushoto hamna kitu, kulia hivi, kovu linaishia kwapani, tuliache lipumue. Wateja walidhani ni mazoea ya mzee kujisemea. Baadaye alinipa simu na visikilizi vya masikioni, nami nikasikiliza na kukata kitambaa. Nilimwambia mara nyingi, "Bi Uzi, hizi sauti zifute tukishamaliza." Yeye alijibu, "Mwili unabadilika, nitapimia nini mwakani? Usiogope. Haya yanakaa kwangu mpaka nife."

Akafa. Presha ilimpanda asubuhi sokoni, akiwa anachagua vifungo, na jioni hakuwepo. Nililia hadi sauti ikakauka. Lakini hata katika kulia kule kulikuwa na kitu kinanichoma: simu iko wapi?

Simu alikuwa nayo mwanawe. Si mtu mbaya yule, nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea. Ni dereva wa lori, mpole, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Namba ya siri aliijua, kwa sababu ilikuwa mwaka wake wa kuzaliwa. Alipokuja chumbani kuhesabu vitu nilimuuliza kama amesikiliza kilichomo.

"Sijaweza," alisema. "Nilifungua moja, nikasikia anakohoa kabla ya kusema. Nikafunga."

"Basi zifute tu."

"Sauti ya mama nifute? Dada, una akili kweli?"

Ndipo akaniambia kwamba mwenye duka kubwa la nguo pale barabarani anachukua kila kitu: cherehani, meza, vitambaa na simu pamoja na laini yake. Simu hasa ndiyo aliyoitaka. Wateja wote wamo, vipimo vyao vyote vimo, na mama alikuwa amemdokezea kila mtu kwamba hakumbuki kitu bila simu yake. Mwanawe aliona ni jambo jema, kazi ya mama iendelee. Nikamwambia mle ndani mna mambo ya watu. Akasema mambo ya watu gani, vipimo vya magauni? Kama ningemweleza, ningekuwa nimefanya kile kile nilichokuwa nakizuia.

Na sasa niseme kilichokuwa kinaninyima usingizi. Wengine wote mle ndani walikuwa na majina ya nguo. Mmoja hakuwa nalo. Mmoja aliitwa kwa cheo chake cha ukoo, kwa sababu Bi Uzi hakuweza kumwita vingine, ulimi ulikataa. Alimwita Wifi. Na mume wa Bi Uzi alikuwa na dada mmoja tu.

Wifi huyo ndiye Shangazi wa yule dereva, na ndiye aliyekuwa akisimamia mirathi. Mwanamke mrefu, mpana, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye akiingia mahali watu wazima wanaficha mikono nyuma. Alikuwa mjane, na wanawe wakubwa walimwogopa kama walivyomwogopa wakiwa darasa la kwanza. Wakati wa upasuaji alikuwa amewaambia nyumbani kwamba anasafiri kwa semina ya walimu wastaafu. Hakutaka kuonewa huruma na mtu. Alikuwa ameubeba ukoo mzima mgongoni kwa miaka, na hakuwa tayari siku moja washuke waanze kumbeba yeye. Ugonjwa si aibu, najua, hata Bi Uzi alimwambia hivyo. Lakini mwili ulikuwa wake, na wa kuamua nani aambiwe alikuwa yeye. Hakujua kwamba alirekodiwa. Hakujua kwamba mwenzake nilimkata mimi.

Niliuliza kwa watu, nikaelekezwa kwenye ofisi ya ulinzi wa taarifa binafsi, ghorofani juu ya benki. Afisa aliyenipokea alikuwa msichana mwenye miwani mikubwa na kikombe cha chai kilichopoa. Nikamweleza yote bila kumtaja mtu.

"Huyo aliyekuwa anarekodi ndiye aliyefariki?"

"Ndiye."

"Basi yeye sheria hii imeshamwacha. Inamlinda aliye hai."

Damu ilinipanda. "Kwa hiyo mtu akifa, kilichomo kwenye simu yake kinamwagwa barabarani?"

"Subiri, dada. Yeye amekufa. Hao aliowarekodi je?"

"Wako hai wote, alhamdulillahi."

"Basi sheria ni ya hao. Habari za ugonjwa wa mtu ni taarifa nyeti. Anayezishika leo, awe mtoto wa marehemu, awe mnunuzi, hana ruhusa ya kuzihamisha wala kuzitumia bila ridhaa ya wahusika. Mhusika akisema hataki, zifutwe, anatakiwa azifute. Akikaidi, tunamwita hapa."

Nilitaka kumbusu. "Andika basi, andika!"

Akachukua kalamu. "Wewe ndiye mhusika?"

"Hapana."

"Umetumwa na mhusika? Una maandishi yake?"

"Hapana."

Akaiweka kalamu chini taratibu. "Basi mwambie aje mwenyewe. Hata mmoja tu anatosha kuanzia."

"Akija atajulikana. Na anachotaka ni kutojulikana."

"Najua," alisema, na nikaona anajua kweli. "Malalamiko hayana budi kuwa na mwenyewe. Nenda kaongee naye."

Nikaenda. Shangazi alinipokea sebuleni, wanawe wawili wakiwa wamekaa hapo hapo wanatazama mpira, na hakuonyesha dalili ya kunipeleka chemba. Nikazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikasema simu ile ina siri za wateja. Nikasema wengine ni watu wa heshima sana, watu wa karibu sana. Nikamkazia macho niliposema "karibu".

"Unataka simu uwachukue wateja wewe," alisema. "Sema tu."

"Sivyo, Shangazi. Kuna wengine hata hawajui kama walirekodiwa."

"Kama hawajui, hakiwaumi."

"Tunaweza kuongea pembeni kidogo?"

"Mimi sina mambo ya pembeni." Wanawe wakageuka kunitazama. "Wewe ni mpangaji wa kona. Haya ni mambo ya ukoo, hayakuhusu. Pilipili usiyoila yakuwashiani?"

Nilitoka pale nimekasirika hadi nikapita njia ya nyumbani bila kuiona. Kuna wakati niliwaza, acha liwalo na liwe, ataipata mwenyewe aone. Sikujivunia wazo hilo, lakini nililiwaza, tena kwa utamu.

Siku ya makabidhiano walikusanyika pale pale chumbani, kwa sababu mnunuzi alitaka kujaribu cherehani. Nami niliitwa nirudishe ufunguo. Shangazi alikaa kwenye kiti cha wateja, mgongo umenyooka. Baba mdogo wa dereva, mdogo wake Shangazi, alikaa juu ya marobota ya vitambaa akichokonoa meno. Mwenye duka alikuwa anazunguka na kugonga meza kwa vidole, mtu nadhifu, mwenye jicho la kukupima ukiwa bado mlangoni.

"Cherehani nimeridhika," alisema. "Sasa simu. Nisije nikauziwa mbuzi kwenye gunia. Hizo rekodi zinafanya kazi?"

Dereva akaitoa. Ilikuwa imepasuka kioo na spika yake ilikuwa imekufa tangu zamani, ndiyo maana mimi nilitumia visikilizi vya masikioni. Akatazama huku na huku, akaona redio ya mama yake rafuni, ile kubwa yenye spika mbili iliyochomekwa ukutani karibu na pasi. Akachukua waya, akaunganisha.

"Shangazi," nilisema, "hizi hazipaswi kufunguliwa mbele ya watu. Nimeuliza ofisi inayohusika. Sheria inakataa."

"Sheria gani? Marehemu mwenyewe yuko wapi akatae?"

"Si marehemu. Ni hao waliomo ndani."

"Nimekwambia halikuhusu."

Dereva akabonyeza.

Redio ilikohoa. Kisha Bi Uzi akaingia chumbani, mzima, mkubwa kuliko alivyokuwa hai. "Simama wima, mjukuu wangu, wewe si konokono. Bega... usicheke, unanipoteza. Suruali tuache upindo, maana utarefuka kama baba yako, na baba yako ananilia hela ya kitambaa." Kicheko cha mtoto kikasikika, kisha chake yeye. Baba mdogo alicheka, halafu akajifuta macho kwa kiganja. Dereva alisimama akitazama redio kama inampa salamu zake peke yake. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilisahau hofu kwa muda.

"Sauti safi," alisema mwenye duka. "Hebu nyingine."

Nyingine ilikuwa ya Bi Haraka. "Kifua thelathini na sita. Kulia hamna, dada, usitazame chini, nitazame mimi. Mwenzake tumwongezee mtama kidogo, huyu wa kwanza anapanda..."

Baba mdogo akatoa kijiti mdomoni. "Mtama? Anashona au anapika?"

Lakini mwenye duka alikuwa ameelewa. Niliona macho yake yanafunguka. "Hao ni wa hospitali," alisema polepole. "Waliokatwa. Wako wengi humu?" Kisha akaongeza, "Hawa hawana pa kwenda. Mteja asiye na pa kwenda haulizi bei."

Nilimtazama Shangazi. Uso wake ulikuwa haujabadilika, ila mkono mmoja ulikuwa umepanda, ukashika ncha ya mtandio upande wa kushoto na kuuvuta. Alikuwa ameelewa kitu. Alikuwa anakumbuka jioni ile nyuma ya pazia, na mzee aliyekuwa akijisemea.

"Inatosha," alisema. Mara ya kwanza katika maisha yangu sauti yake ilitoka ndogo.

"Moja ya mwisho, Mama," alisema mwenye duka, na kidole chake, si cha dereva, kikagusa kioo.

"Haya wifi," alisema Bi Uzi kutoka kwenye redio. "Vua tu. Hapa tuko wawili na Mungu."

Baba mdogo aligeuza kichwa. Aligeuza polepole, jinsi mtu anavyogeuka akiogopa kuona anachojua atakiona, kuelekea kwenye kiti alichokaa dada yake. Shangazi alikuwa anatazama sakafu. Mwalimu mkuu yule, mwanamke yule, alikuwa anatazama vipande vya uzi sakafuni kama mtoto anayesubiri kiboko.

"Usijifiche, wifi. Kushoto hamna, basi, tumeshukuru kulia kupo. Inua mkono. Kifua..."

Mimi nimekonda kama sindano. Shangazi ni mpana. Ile namba ikitoka, na mwenye duka pale amesimama na jicho lake la kupima, hakuna uongo ambao ungesimama tena. Sikuwaza zaidi ya hapo. Niliruka juu ya pasi, nikaushika waya wa redio kwa mikono miwili, nikaung'oa ukutani.

"Wifi ni mimi," nilisema.

Waya ulikuwa bado mikononi mwangu.

"Wewe?" Baba mdogo alinitazama, akamtazama dada yake, akanirudia. "Wewe ni wifi wa nani?"

"Muulize mwanao huyo mama yake alimwita nani wifi humu ndani. Mwambie, baba. Siku ulipokuja kutuma picha, ukauliza kuna wifi, alikunyooshea nani mkasi?"

Dereva alisimama na simu mkononi. Nikaona anataka kucheka na kulia kwa wakati mmoja. "Ni kweli," alisema. "Alimnyooshea yeye. Alisema, huyo hapo, muulize kama yuko hewani."

Macho yote yakashuka kutoka usoni kwangu. Yalishuka taratibu hadi kifuani, upande wa kushoto, yakakaa pale. Hapo ndipo nilipojua Shangazi alikuwa akikimbia nini. Ngozi iliniwaka kama nimemwagiwa maji ya moto, na sikuwa hata na kovu.

"Sasa mmejua," nilisema, na hasira iliyotoka haikuwa ya kuigiza. "Mmefurahi? Nimeuliza ofisini. Wakasema marehemu hana tena la kudai, ila mhusika akiwa hai anaweza kukataa. Mimi ndiye mhusika. Nimekataa. Na atakayeichukua simu hii na mimi nimo ndani, tutaonana huko ghorofani juu ya benki, nimeshawajua hadi kikombe chao cha chai."

Mwenye duka alirudi hatua nyuma. "Mimi nilitaka biashara, sikutaka kesi," alisema. "Cherehani nachukua. Simu kaeni nayo."

Alipoondoka na baba mdogo kumsindikiza, dereva alinipa ile simu kwa mikono miwili. "Nisamehe, dada. Sikujua." Tukakubaliana niwapigie wote mmoja mmoja, aniambie mwenyewe kila mtu kama nifute au nimpe vipimo vyake. Akageuka mlangoni. "Ile ya mwanangu nibakizie. Ile anayomwambia yeye si konokono." Nikamtumia hapo hapo. Hiyo mhusika wake alikuwa mwanawe, na mwanawe alikuwa nyumbani anaisubiri.

Ya Wifi niliifuta ya kwanza. Shangazi alikuwa bado kwenye kiti. Alinikazia macho, akatazama kidole changu kikibonyeza, akanyanyuka, akatoka.

Maneno hayana breki. Hata wiki haikuisha mtaa mzima ulijua kwamba mimi nina titi moja. Muuza mkaa alinipunguzia bei na kuinamisha kichwa. Wanawake wa ua wa pili waliniletea juisi na dua. Vijana walionipigia miluzi wakaacha, na nilishangaa kugundua kwamba niliikumbuka. Kulikuwa na fundi wa mafriji aliyekuwa akinipigia kila jioni, akiniuliza nimekula nini, na mimi nilikuwa nimeanza kupanga majibu yangu mapema. Alipiga mara moja, akasema pole sana, nimesikia, akasema Mungu ni mwema. Hakupiga tena. Ningeweza kumwambia neno moja likaisha. Nililishika neno hilo mdomoni siku nyingi, likanichubua, nikalimeza. Niliumia, sitadanganya. Nilimlaani Bi Uzi, nikamlaani na Shangazi.

Wale wengine niliwapigia. Wengi walisema futa. Bi Haraka alisema, "Futa, halafu niambie wewe unashona?" Nikasema ninashona. Kodi ya chumba nikaichukua mimi, nikabaki nacho na pazia la kijani, na cherehani yangu ya dirishani nikaihamishia katikati.

Shangazi alikuja mchana kweupe, mtaa ukimtazama, na kifurushi cha kitambaa kwapani. Alisimama mlangoni kama anakagua darasa. Kisha akapita moja kwa moja nyuma ya pazia, nami nikamfuata na futi yangu ya kupimia shingoni.

"Simu iko wapi?"

"Nimeizima, Shangazi. Iko mezani."

Alivua mtandio, akaukunja vizuri, akautundika. Alinipa mgongo. "Nilikwambia halikuhusu," alisema. "Nilikufukuza mbele ya wanangu."

"Ulinifukuza."

"Ulijua tangu lini?"

"Mwenzake nilimkata mimi."

Mabega yake yakatikisika. Nilidhani ananicheka, kumbe analia, kwa namna ya mtu asiyejua jinsi ya kulia mbele ya wengine, kama anayesukuma mlango uliovimba. Sikumgusa. Baadaye akajifuta, akasema wanawe amewaambia jana, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, mezani, baada ya chakula. Mkubwa alilia. Mdogo aliosha vyombo.

"Na ndugu yangu nimemwambia wifi ni mimi. Na huyo wako wa mafriji, mtaa umenionyesha, nimemkuta dukani kwake, nimemwambia pia."

"Shangazi!"

"Akauliza kama bado unampokea simu. Nikamwambia hilo halinihusu, akuulize mwenyewe." Alinigeukia, macho mekundu, kidevu juu. "Siku ukitaka kusimulia haya, simulia. Ila usitaje jina la mtu, wala la mji. Sijawa maarufu kiasi hicho."

Nikasema sawa, Shangazi. Nikaishusha futi shingoni.

"Shangazi wa nani?" alisema, akainua mkono wa kushoto juu, taratibu, kwa sababu kovu lilikuwa bado linavuta. "Haya, wifi. Pima."

Nikapima. Namba sikuzitamka.